Chupa Iliyozidi kwenye Trei

Hapo zamani, na msinitolee macho, ni zamani ya juzi tu, wakati sungura alikuwa ameshaishiwa ujanja. Yule yule sungura wa bibi zenu, aliyemdanganya fisi, akamdanganya simba, akanywa maji ya kisima cha wenyewe na miguu akaoshea humo humo, alikuwa ameshakamatwa na kufungiwa kwenye kizimba cha maabara, anatiwa matone ya macho asubuhi na jioni. Ujanja wote ule, mwisho wake ndio huo.

Basi wakati huo, katika mji mmoja wa nyanda za juu, mji wa baridi asubuhi na jua la kuchoma mchana, palikuwa na hospitali, na hospitalini palikuwa na Profesa Lwitiko, daktari wa macho. Alisomea macho, akafundisha macho, akazeeka na macho, na mwenyewe alikuwa mgonjwa wa macho tangu ujana. Alivaa miwani myeusi mchana kutwa. Watu walisema anaringa, na kuringa alikuwa anaringa kweli, lakini miwani ilikuwa ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe si ule wa macho mekundu unaopita mitaani, mtoto akiupata shuleni nyumba nzima mnaamka na tongotongo. Huu ni mwingine. Huu unawaka ndani ya jicho, huko nyuma ya mboni ambako kidole hakifiki wala maji hayafiki. Mwili wa mtu unaligeukia jicho lake mwenyewe, unalipiga vita. Jicho linavimba kwa ndani, linauma, haliutaki mwanga, na ukizembea linazima. Dawa za kawaida zipo, lakini kuna watu zikiwatuliza leo, kesho zinawapandishia presha ya jicho, wanatoka kwenye shida hii wanaingia kwenye ile.

Profesa Lwitiko akatengeneza dawa mpya kwa ajili ya watu hao. Akaitengeneza kwa protini. Nyie mnaodhani protini ni maharage peke yake, tulieni niwaeleze. Protini ya Profesa ilikuwa kitu laini, kitu cha kudekezwa, kinachochukia joto na kinachochukia kutikiswa. Chukua ute wa yai: ukiupasha moto unaganda, ukiupigapiga unatoka povu, na sijamwona bado mtu aliyelirudisha yai la kukaanga likawa bichi. Hilo Profesa alilisema kila siku. Aliwaambia manesi, aliwaambia wafagiaji, nadhani hata sungura aliwaambia. Nawaeleza mapema ili mjue kwamba hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Sungura wakatiwa dawa. Sungura wakapona. Profesa akatembea kifua mbele wiki nzima. Sasa ikabaki kuijaribu kwa binadamu, na binadamu hawakamatwi kwa mtego, wanaombwa. Kamati ya maadili ikakaa, ikanywa chai, ikala maandazi, ikakubali. Dawa ilikuwa chache, kwa hiyo wakatafutwa watu wawili tu wa kuanza nao. Wewe uliyesoma, usinikunjie uso kwamba wawili hawatoshi. Hospitali yao, hadithi yangu.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Ambokile, mwalimu wa kwaya. Mwanamume mrefu, sauti nzito, suti ya kijivu. Macho yake yote mawili yalikuwa yanaugua, la kulia zaidi. Kwenye mazoezi alikuwa hasomi tena nota, anawapigia kelele waimbaji wa sauti ya tatu kwa makosa ya waimbaji wa sauti ya nne.

Wa pili alikuwa Mama Tusajigwe, fundi cherehani. Satini na leso za mapambo, harusi zote za mji ule zilipita mikononi mwake. Jicho lake la kushoto lilishazima miaka ya nyuma, kwa ugonjwa huo huo. Alibakiwa na la kulia, nalo lilikuwa limeanza kuwaka. Mjue basi kilichokuwa mezani: mwalimu alikuwa anahatarisha nota zake, fundi alikuwa anahatarisha mwanga wote wa dunia aliobakiwa nao.

Profesa akawaita, akawaeleza. "Mmoja wenu atatiwa dawa, mwingine atatiwa maji ya chumvi. Nyinyi hamtajua nani kapata nini. Wala Sista Bupe atakayewatia hatajua. Mwisho wa jaribio tutafungua siri, tulinganishe."

Mama Tusajigwe akauliza, "Sasa Profesa, mimi nikiangukia kwenye maji?"

"Ukiangukia kwenye maji, mama, jaribio likiisha unapewa dawa. Hiyo ni ahadi yangu mimi mwenyewe."

"Na jicho langu litasubiri?"

"Litasubiri."

Litasubiri! Mtu mzima, profesa, anaagiza jicho la mwenzake lisubiri. Lakini Mama Tusajigwe akakubali, kwa sababu dawa za kawaida zilishamkataa na alikuwa hana mlango mwingine wa kugonga.

Wakaanza. Sista Bupe, nesi wa wodi ya macho, akawa anawatia asubuhi hospitalini, na jioni kila mtu anajitia nyumbani kwake. Macho ya Mwalimu Ambokile yakaanza kutulia. Jicho la Mama Tusajigwe likaanza kufifia. Mwalimu akaanza kusoma nota. Mama akaanza kutunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Mwalimu akavua miwani. Mama akavaa. Hapo hata kipofu angejua nani kapata dawa na nani kapata maji, lakini wataalamu walisema siri bado haijafunguliwa.

Shoga zake wa barazani wakamwambia, "Tusa, acha. Unatiwa maji wewe. Nenda kwingine."

Akawajibu, "Nikiacha, watajuaje kama ya mwenzangu inafanya kazi?"

Akaendelea kwenda kila asubuhi, anafungua jicho, anatiwa maji ya chumvi, anasema asante Sista, anarudi kwenye cherehani yake.

Na Mwalimu Ambokile je? Alipoona nota zimerudi, akasimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema ameponywa. Hakusema na nini. Dawa haikutajwa hata kwa bahati mbaya, wala Profesa, wala yule mama aliyekuwa anafifia upande wa pili. Kisha kwaya ikasafiri kwenda kwenye mashindano, naye kwa kuwa ameponywa akaiacha chupa yake nyumbani juu ya kabati. Aliporudi na kombe, akayaendeleza matone pale alipoyaachia, kama mtu aliyeacha kusoma gazeti katikati. Jicho la kulia likaanza tena kumwasha kidogo kidogo. Akanyamaza, maana ushuhuda alishautoa.

Siku ya kufungua siri ikafika. Siri ikafunguliwa. Mwalimu alikuwa na dawa, mama alikuwa na maji. Dawa inafanya kazi! Watu wakakumbatiana korido nzima. Mtu mwenye akili timamu angelifungua friji dakika ile ile, akachukua chupa, akamtia Mama Tusajigwe. Lakini hospitali ina utaratibu wake. Dawa isiyozinduliwa haitumiki.

"Mama, vumilia mpaka Jumamosi," Profesa akamwambia. "Mgeni rasmi anakuja kuizindua. Tukitumia kabla hajazindua, atakuwa amekuja kuzindua nini?"

Mama akasema, "Profesa, naona vidole tu. Sura sizioni."

"Jumamosi si mbali, mama."

Na hapa mniruhusu niteme mate pembeni, kwa sababu mama wa watu hakubisha. Hakubisha, kwa kuwa kamati ya maandalizi ilishampa kazi ya mapambo. Uzinduzi wa kitaifa, satini nyeupe, meza kuu, yeye ndiye fundi! Mtu anazimika jicho na bado anafikiria mkunjo wa kitambaa. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Jumamosi ikafika. Turubai likafungwa uwanjani, viti vikapangwa, spika zikatundikwa, keki ikaletwa. Profesa akatoa amri dawa yote itoke kwenye friji iwekwe meza kuu.

Sista Bupe akauliza, "Yote, Prof?"

"Yote. Mheshimiwa lazima aione kwa macho yake. Tukimwonyesha chupa moja ataondoka akijua tumetengeneza chupa moja."

Dawa ikatoka kwenye friji, ikaletwa mezani ndani ya boksi la barafu. Mama Tusajigwe akalipapasa boksi, akalitazama kwa jicho lake la vidole, akapandwa na hasira.

"Hili boksi linanichuruzikia kwenye satini! Tazameni, doa hilo! Toeni barafu humu."

"Mama Tusa, dawa inataka baridi," Sista Bupe akasema.

"Itakaa kidogo tu. Mgeni si yuko njiani?"

Mgeni yuko njiani. Maneno hayo katika nchi yetu yameshaharibu pilau ngapi? Barafu ikamwagwa kwenye maua. Chupa zikapangwa kwenye trei kubwa ya fedha, zikapangwa kwa umbo la jicho: kope la juu, kope la chini, na mboni katikati. Mama Tusajigwe alizipanga mwenyewe kwa ncha za vidole. Alipomaliza, chupa moja ikazidi. Akaiweka juu, ikawa vibaya. Akaiweka chini, ikawa vibaya zaidi.

"Hii inanenepesha kope," akasema. "Inaharibu pambo. Irudisheni ilikotoka."

Sista Bupe akairudisha kwenye friji, akaisahau hapo hapo, kwa sababu alikuwa anakimbilia kuvaa kitenge cha sare.

Wakamsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa anazindua choo cha soko upande wa pili wa mji, na choo nacho kilikuwa na hotuba yake. Jua likapanda, likaingia chini ya turubai, likakaa meza kuu kana kwamba nalo lilialikwa. Mshereheshaji akasema mheshimiwa yuko njiani. Akasema tena mheshimiwa yuko njiani. Keki ikaanza kutoka jasho. Keki waliiona! Mtu akakimbia na mwavuli akaifunika keki. Trei ya dawa ilikuwa pembeni yake, juani, na hakuna aliyeisogeza hata kwa kiwiko. Sista Bupe aliiona. Akajua. Lakini alikuwa ameshapangwa kwenye mstari wa wacheza, kitenge kimembana, akasema moyoni si kazi yake kumfundisha Profesa. Profesa naye aliiona, akajua, akasema moyoni mgeni yuko njiani.

Mgeni akafika. Sasa kila mtu akataka kuonekana.

Mwalimu Ambokile akasimamisha kwaya. Wimbo wenyewe aliutunga maalumu, una beti za mgeni, beti za mke wa mgeni, beti za barabara aliyoiahidi mgeni. Ukaisha. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema rudieni. Mwalimu angeweza kurudia kiitikio tu. Akarudia wimbo wote, na ubeti wa barabara akaurudia peke yake.

Kisha trei ikatolewa nje ili iingizwe upya. Ndiyo, mmesikia vizuri. Ilikuwa tayari mezani, ikatolewa, ili iingie kwa madaha kama keki ya harusi. Sista Bupe akajitwika kichwani, manesi wenzake nyuma yake, muziki ukafunguliwa. Hatua mbele, hatua nyuma, bega la kulia, bega la kushoto, kiuno chini, kiuno juu. Chupa zinagongana, zinacheka. Dawa ya kudekezwa, isiyotaka joto wala kutikiswa, imeshaokwa juani na sasa inachezeshwa muziki. Watu wakapiga vigelegele. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Profesa Lwitiko.

Mheshimiwa akachukua chupa moja, akaitikisa karibu na sikio lake kama mtu anayenunua nazi. Akatabasamu mbele ya kamera. "Hii kweli ni dawa," akasema. Alijuaje? Msiniulize. Akakata utepe, akakata keki, akala, akafungiwa nyingine aondoke nayo.

Turubai lilipofunguliwa, Sista Bupe akazikusanya chupa azirudishe kwenye friji. Akaiinua moja kwenye mwanga. Ndani palikuwa na vinyuzi vyeupe vinaelea. Akainua nyingine, vinyuzi. Nyingine, povu na vinyuzi. Akamwita Profesa. Profesa akavua miwani yake myeusi, akatazama chupa moja baada ya nyingine, na Bupe akaona jicho la Profesa lilivyokuwa jekundu, limevimba.

"Imeganda," Profesa akasema. Akakaa chini sakafuni, na suti yake ya uzinduzi.

Kutengeneza nyingine ni kazi ya miezi, mpaka masika ipite. Jicho la Mama Tusajigwe halikuwa na miezi. Profesa alilipima asubuhi yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba likikosa dawa wiki hii, limekwenda. Akalipima la Mwalimu, akamhoji mpaka akaikiri ile chupa ya juu ya kabati, akakuta ugonjwa umerudi kwa hasira, unataka chupa moja zaidi kuumaliza, la sivyo faida yote inapotea. Kisha akakiri la kwake. Jicho lake la kulia, la kufanyia kazi, lilikuwa linawaka mwezi mzima chini ya miwani.

Hapo ndipo Sista Bupe alipokumbuka chupa iliyozidi.

Akafungua friji. Ilikuwepo. Baridi, safi, angavu, haikuona jua wala kiuno cha mtu. Chupa moja, dawa ya jicho moja. Na kabla hamjaanza, nyie wenye akili za haraka, kugawana hakuwezekani. Profesa alishaeleza: ukiigawa, kila jicho linapata pungufu, na pungufu ya dawa hii haiponyi, inaufundisha tu mwili kuikataa siku nyingine. Ni jicho moja linapona, au hakuna linalopona.

Basi watu wale watatu, ambao juzi walikuwa wanakumbatiana korido nzima, wakaanza.

Mama Tusajigwe akasema, "Mimi niliahidiwa. Sikuomba, niliahidiwa, na aliyeahidi ndiye huyu hapa. Jicho langu moja lilishakufa. Hili lililobaki niliwapa, mkalitia maji, likaharibika mkiliangalia kwa tochi zenu. Kila lilivyoharibika dawa yenu ikaonekana nzuri zaidi. Mwalimu amepona kwa dawa, mmejuaje? Mmejua kwa sababu mimi sikupona. Na chupa hiyo isingekuwepo leo kama siyo mimi kuitoa kwenye trei."

Mwalimu Ambokile akacheka kicheko kifupi. "Uliitoa kwa sababu inanenepesha kope, dada. Na barafu aliimwaga nani? Dawa yako uliyoahidiwa ilikuwa kwenye trei ile, umeiua mwenyewe kwa ajili ya doa la maji kwenye kitambaa."

"Haya, sema ya kwako."

"Ya kwangu ni hii. Tunajua dawa inafanya kazi kwenye mwili gani? Wangu. Kwako hatujui. Labda jicho lako limeshachoka mno, itiwe yote na lizime vile vile. Tunatupa chupa ya mwisho kwa kubahatisha? Mimi nimebakiza kidogo tu. Nikimaliza, jaribio limekamilika, kibali kinatoka, dawa inatengenezwa kwa wagonjwa wote. Nisipomaliza, wakubwa watasema mgonjwa wenu pekee aliyepona ameugua tena. Watafunga maabara. Mkinitia mimi, mnawatia hata ambao hawajazaliwa."

Profesa akasema, "Ulimaliza lini matone uliyoyaacha juu ya kabati? Ungetia kila siku usingehitaji chupa nyingine. Ulikwenda kuimba. Ukatangaza umeponywa, na leo umekuja kuomba dawa tena. Muujiza umeisha muda wake?"

Mwalimu akatazama chini. Kisha akasema, "Na wewe Profesa unataka nini kwenye chupa ya wagonjwa?"

"Mimi pia ni mgonjwa," Profesa akasema, na sauti yake ikapungua. "Nimeumwa na ugonjwa huu kabla yenu wote. Dawa ilikuwa kwenye friji langu, jicho linaniwaka, na sikuwahi kujitia hata tone, nisije nikaambiwa nimejipendelea. Lakini leo niambieni, nani atatengeneza nyingine? Kazi ile inafanywa kwa hadubini, na hadubini inataka jicho. Vijana ninaowafundisha hawajafika. Jicho hili likizima, hakuna masika wala kiangazi, dawa imekufa. Mama, mimi nikiona, naweza kuwatengenezea wengine elfu. Wewe ukiona, utashona."

"Nitashona," Mama Tusajigwe akasema. "Ndiyo. Nitashona. Kumbe kuona kwangu ni kidogo."

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema. Na dawa yote nani aliitoa mezani? Mimi nilimwaga barafu, sikatai. Lakini mimi ni fundi wa satini. Fundi wa protini ni wewe. Ungesema neno moja tu, ningeipanga trei ile ndani ya friji."

Profesa akafanya wanavyofanya wakubwa wote wakikosa jibu, akamgeukia wa chini yake.

"Sista Bupe, wewe ndiye mtunza dawa. Amua."

Bupe akashtuka. "Mimi, Prof? Mimi ni nesi tu."

Nesi tu! Jana alikuwa malkia wa trei, hapiti mlangoni kwa madaha, leo ni nesi tu. Alijua jua linaiua dawa ile, akabana mdomo na kitenge chake. Akatazama huku, akatazama huku, akatafuta mtu wa kumpa chupa ile amwamulie. Hapakuwa na mtu. Mheshimiwa alishaondoka na keki.

"Basi kaeni," akasema mwishowe.

Wakakaa kwenye benchi la wagonjwa, mama katikati, wanaume kando. Akawaambia walaze vichwa nyuma na wafumbue macho. Wakalaza. Wakawa wanatazama dari wote watatu, hakuna anayemwona mwenzake. Bupe akafungua chupa. Na chupa ile ikishafunguliwa hairudi kwenye friji, jicho linaloanza nayo ndilo linalomaliza nayo.

Sasa naona mmeanza kunong'onezana. Wapo watakaosema mpe mama, halafu siku wakiugua wao watamlilia Profesa kwamba dawa iko wapi. Wapo watakaosema mpe Profesa kwa faida ya wengi, nao hao wengi hawajawahi kuwapa hata kiti cha kukalia. Wapo watakaosema mpe Mwalimu kazi ikamilike, kwa sababu ukamilifu ni rahisi kuupenda kuliko mtu. Na wapo wale wa nyuma pale, watakaosema tuunde kamati. Nyie nyamazeni kabisa.

Mimi sijibu. Mimi nilikuwepo kwenye uzinduzi ule, nikala keki, nikarudi nyumbani.

Bupe akasimama mbele ya benchi, mkono juu, chupa imeinama, tone limeshafika mdomoni mwa chupa, linavimba, halijaanguka. Mwalimu alikuwa amefumbua macho yote mawili. Profesa alikuwa amelifumbua la kulia kwa vidole. Na Mama Tusajigwe, ambaye kwa miezi alizoea kutiwa na kushukuru, akasema taratibu, uso ukiwa bado juu:

"Asante, Sista. Umeshatia? Mbona leo sisikii hata maji?"

Haya, nyie mnaojua kila kitu. Mkono ni wenu sasa. Je, nani alistahili?